Fundi Majina na Jina Alilolikataa

Jua la saa tatu asubuhi limefika katikati ya kibaraza na kukomea hapo, na hapo hapo amesimama kijana mmoja, mdomo wazi, sauti haitoki. Amekuwa baba juzi. Kwapani ana blanketi jeupe la mtoto, jipya, bado lina harufu ya dukani.

"Ita," inasema sauti ya mwanamke kutoka ndani.

"Nimwite nani, mama? Mtoto yuko nyumbani amelala."

"Huyo wa nyumbani mwache alale. Mwite wa miaka sita. Katoka kucheza tangu mchana, chakula kinapoa, na wewe umeanza kuingiwa na wasiwasi. Haya, ita."

Kijana anakohoa. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Jirani, fundi wa suti, amesimamisha cherehani yake makusudi ili uhondo usimpite. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani anapunguza mwendo. Hakuna pa kukimbilia. Kijana anapiga moyo konde, anajaza kifua hewa, na jina la binti yake linatoka kwa mara ya kwanza mbele za watu: "Zoeee!"

Linavuka barabara, linagonga ukuta wa upande wa pili na kurudi. Ndani, mwanamke aliyeupa mlango mgongo anageuza shingo, kidogo tu, kama mtu aliyeguswa bega.

"Limefika," anasema. Ndipo anaponyoosha mkono kuchukua sindano.

Mwanamke huyo ana miaka hamsini na kitu, na mtaani hajulikani kwa jingine ila Fundi Majina. Kazi yake ni moja, na ameifanya zaidi ya nusu ya umri wake: kutarizi majina ya watoto wachanga kwenye mablanketi, shuka na kofia ndogo, kwa mkono, herufi baada ya herufi. Cherehani anayo. Iko pembeni, imefunikwa kitambaa, na huitumia kukunja pindo tu.

"Cherehani haina masikio," anasema. "Inakwenda tu."

Chumba chake kinatosha watu wanne wasiogombana. Kina dirisha moja pana, na chini ya dirisha kuna mkeka anapokaa mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na ushee, akizungushia nyuzi kwenye vipande vya boksi. Nyuzi nyingine zinaning'inia kwenye kamba iliyokatiza chumba, za kila rangi, na asubuhi mwanga ukizipitia ukuta wa pili hujaa rangi nyepesi zinazoyumba kila upepo ukiingia. Wateja wengi hunyamaza wakifika hapo. Wengine husahau walichofuata.

Kazi hii haitajirishi mtu. Blanketi moja humlipa unga na mafuta ya kupikia ya siku mbili, na blanketi hilo hilo humla siku nzima, au mbili jina likiwa refu. "Ndiyo maana nawapenda sana kina Ana," anasema na kucheka. Siku hizi mablanketi huja yakiwa yamekwisha kuchapwa maua na wanyama, na watu wengi hawaoni haja ya sindano. Wanaokuja kwake mara nyingi ni wale waliowahi kulala chini ya kazi ya mkono wake wakiwa wachanga, na sasa wanaleta wao.

Wanajua masharti. Aliyechagua jina ndiye aje. Asimame kibarazani aliite kwa sauti, kama anayemwita mtoto aliyekwenda mbali. Likimfika fundi akageuka, kazi inaanza. Lisipofika, mteja hurudi nyumbani akafikiri.

"Wanarudi wangapi? Wapo. Wengine wanakasirika, wananiambia mimi ni mshonaji, si hakimu. Nawaambia kweli, lakini uzi ni wangu."

Sharti hilo lilizaliwa na kosa. Mwanzo mwanzo, kabla hata hajapata chumba hiki, alipokea blanketi kutoka kwa bwana mmoja aliyemchagulia jina mtoto wa mdogo wake. Fundi akalitarizi vizuri, kwa uzi wa buluu, akalipwa, yakaisha. Baada ya wiki chache akaja mama wa mtoto, peke yake, blanketi mkononi, akaomba jina lifumuliwe. Halikuwa baya. Mama hakuliweza tu. Kila akitaka kumwita mwanawe, ulimi unakuwa mzito, basi mtoto alikuwa akiitwa "we mtoto" tangu azaliwe.

"Nilifumua," anasema Fundi Majina. "Lakini njoo uone kitambaa kilichofumuliwa. Uzi unatoka, matundu ya sindano yanabaki. Ukikiweka kwenye mwanga unalisoma jina lile lile, limeandikwa kwa matundu. Nililia siku ile. Nikasema sitatia sindano tena kwenye jina ambalo sijalisikia likitoka nje kwa miguu yake."

Baada ya kuita, mteja huketi na kueleza jina limetoka wapi na kwao lina maana gani. Hilo si sharti, ni tamaa ya fundi mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyokusanya, mwaka hadi mwaka, majina ya watu ambao hatawahi kufika kwao.

Zoe wa asubuhi hii, anasema akichora herufi kwa chaki, ni neno la Kigiriki, maana yake uhai. Mwezi uliopita alitarizi Aisha, la Kiarabu, yaani aliye hai. Na kabla ya hapo Hawa, ambalo asili yake ni Kiebrania, na kwao nalo wanalifungamanisha na uhai. "Watoto watatu, mtaa mmoja, nyumba zinatazamana. Mama zao hawajuani hata kwa salamu. Na wote watatu walipokuwa wakijipapasa tumbo walikuwa wakiomba kitu kimoja: mwanangu aishi. Ukilifikiria sana hilo, sindano inakuchoma."

Yako mengine. Juma, aliyezaliwa Ijumaa, aliwahi kulala kwenye rafu moja na Kofi, jina la mtoto wa mgeni mmoja kutoka nchi za mbali za magharibi, na huyo mgeni alipoeleza kwamba kwao Kofi ni mwana wa Ijumaa, Bibi pale mkekani alicheka mpaka akashika mbavu. Nuru amekaa na Lusia, jina lililotokana na neno la Kilatini la mwanga. Neema amekaa na Hana, ambaye kwa Kiebrania ni neema vile vile.

"Na kina Filipo," anadakia fundi wa suti, ambaye kufikia hapa ameacha kabisa kujifanya anashona na amekuja kuegemea mlango. "Waeleze kuhusu kina Filipo."

"Filipo ni mpenda farasi. Nimewatarizi wengi. Sijaona hata mmoja mwenye punda."

Hajigambi na anachokijua. Anasema yeye hutunza tu alichoambiwa, na watu hutia chumvi. Mwanamume mmoja alimweleza kwa dakika nyingi kwamba jina la mwanawe ni la mfalme wa kale aliyetawala milima saba. Mkewe alipokuja kuchukua blanketi, akasema ni la mjomba wake, muuza mkaa.

Mchana, joto likizidi, mtaa hulala. Fundi wa suti huweka kichwa juu ya mkono wake, Bibi husinzia akiwa ameketi, na Fundi Majina huendelea, polepole, sindano ikiingia na kutoka bila sauti. Anasema saa hizo ndizo anazozipenda kuliko zote. Majina yaliyoitwa pale nje huwa kama hayajaondoka bado. Mara nyingine naye husinzia, na katika usingizi huo mwepesi huwasikia watoto wakiitika kutoka mbali, wengi, kila mmoja kwa lugha yake, wakija mbio na miguu imejaa vumbi.

"Huwa sitaki kuamka," anasema. "Naona raha, kisha naona uchungu kidogo, kwa sababu kati ya wote wanaoitwa mimi simo."

Hilo la mwisho hulisema taratibu, macho kwenye kitambaa. Ndilo lililokuwa likimtafuna tangu utotoni, na mpaka mwezi uliopita hakuwa amemwambia mtu.

Kuna jina moja ambalo Fundi Majina hakuwahi kulitarizi. Si jina gumu, wala si la kigeni. Ni la kawaida kabisa. Shuleni kwao, darasa moja, walikuwamo wasichana wanne wenye jina hilo. Wateja wamelileta mara nyingi. Kila lilipoletwa, fundi alikuwa na udhuru: uzi umekwisha, macho yanauma, kazi zimejaa. Halafu aliwashika wateja mkono na kuwavusha hadi kwa jirani.

Fundi wa suti anakumbuka vizuri. "Mimi kutarizi sijui. Herufi zangu zinalala kama zimelewa. Lakini kila jina hilo likija, naletewa mimi. Miaka yote nikidhani jirani yangu ananionea huruma, ananigawia riziki. Nikawa namwombea dua."

Jina hilo lilikuwa la Fundi Majina mwenyewe.

Kabla yake, mama yake alikuwa na mtoto mwingine wa kike, aliyefariki akiwa na siku chache tu. Miaka mitatu baadaye akazaliwa yeye. Nyumbani hapakuwa na mtu aliyezungumza habari za yule wa kwanza, isipokuwa shangazi mmoja, dada wa baba, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango. Siku moja alikuwa akimsuka mpwa wake, na mpwa, wakati huo wa miaka minane hivi, akawa analia kwa maumivu. Shangazi akamvuta kichwa na kusema, "Tulia bwana! Mwenye jina lake hakuwa na kelele hivi."

"Mwenye jina lake," anarudia Fundi Majina. "Nilinyamaza pale pale. Nywele zikaisha kusukwa sikusikia kitu. Kuanzia siku ile nikajua kwamba nimevaa nguo ya kuazima. Na nguo ya kuazima unaijua: hukai nayo popote, huli nayo mchuzi, unaogopa kuichafua, mwenyewe asije akakuuliza."

Mama akimwita, alikuwa akiitika, lakini kwa kuchelewa kidogo, kama anayempa nafasi mwingine aitike kwanza. Alipokua na kuanza kazi, watu wakamzoea kwa lakabu ya Fundi Majina, naye akaipokea kwa mikono miwili. Alipoolewa akawa mke wa fulani, alipozaa akawa mama wa fulani, mumewe akafariki, lakabu ikabaki. Miaka ikapita bila mtu kumwita kwa jina lake isipokuwa Bibi, na Bibi naye siku hizi hana haja ya kuita. Wanakaa chumba kimoja.

Ndipo binti yake wa pekee, msusi mwenye kiti chake mtaa wa tatu, akapata mimba.

Msusi ni mwanamke mcheshi, mnene wa shavu, mwenye kauli ya haraka. Mimba ilipofika miezi saba alikuja na habari kwamba amepimwa na mtoto ni wa kike, na kwamba jina tayari. Atampa jina la mama yake. Mumewe amekubali, wakwe wamekubali, kazi imebaki kutarizi tu.

"Nikamwambia hapana," anasema Fundi Majina. "Chagua lolote. Nimemtajia mazuri, ya Kiajemi, ya Kilatini, ya watu wa visiwani huko, nimemweleza na maana zake. Hataki hata kusikia."

"Ningesikiaje?" anauliza msusi, ambaye amefika na mkono kiunoni, tumbo mbele, na kuketi kwa kishindo juu ya mkeka kando ya bibi yake. "Mtu katarizi majina ya watoto wa mji mzima, la kwangu ananikatalia! Nilidhani hanipendi. Nilidhani hamtaki mume wangu. Nilikwenda nyumbani nikalia, kesho yake nikarudi nikamwuliza sababu, akaniambia uzi umekwisha. Uzi! Humu ndani!"

Mambo yakaharibika. Kwa wiki mbili mama na mwana wakawa wanaongea kwa salamu tu. Msusi akaapa kwamba akikosa jina hilo, mtoto atakaa bila jina mpaka Fundi Majina alegee. Fundi naye aliificha sababu yake, kama alivyoificha tangu akiwa na miaka minane. Alikuwa akiogopa jambo moja: kumwona mjukuu wake naye akiitwa, akichelewa kidogo, akimpisha mtu.

Kilichofuata wote watatu wanakisimulia, pamoja na fundi wa suti, na kila mmoja ana chumvi yake. Ilikuwa mchana, saa ile ya kusinzia. Msusi alitoka kwenye kiti chake, mafuta ya nywele yangali vidoleni, akatembea kwa hasira mpaka kwa mama yake. Hakuingia ndani. Alisimama pale kibarazani wanaposimama wateja.

"Mama!" akasema. "Hii si sheria yako? Nitaliita. Likifika, utatarizi. Lisipofika, nitakuacha, sitalitaja tena."

Ieleweke kwamba binti huyo hajawahi kumtaja mama yake kwa jina. Ni nani angethubutu? Fundi wa suti anasema nywele zilimsimama. Mama alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, mgongo mlangoni, na anakiri kwamba aliamua kabisa kutogeuka. Alikaza shingo. Akakaza na meno.

Msusi akaita. Akaliita jina lile kwa nguvu zote za mtu mwenye watu wawili kifuani, mtaa ukaamka.

Na mama yake, kabla hajajua anafanya nini, akaitika: "Abee!"

Hakuchelewa hata kidogo. Kila mtu alilisikia.

Msusi alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja viwili, ameogopa alichofanya. Fundi wa suti alikuwa amesimama na kipande cha suruali mkononi. Kisha sauti ya Bibi ikatoka mkekani, ya mtu aliyeamshwa usingizini lakini hakukasirika.

"Hivyo hivyo," alisema Bibi. "Mara ya kwanza kukuita ulifanya hivyo hivyo. Ulikuwa mchanga, hata kichwa hujui kukishika, ukageuka. Nikasema haya, hatimaye limepata mtu."

Fundi Majina anasema hapo ndipo alipolisema, bila kupanga. "Lilikuwa na mtu wake kabla yangu, mama."

"Nani?"

"Marehemu dada."

Bibi aligeuka kumtazama. "Yule hakuitwa," akasema.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na leo anayarudia kwa ufupi ule ule, uzi ukizunguka vidoleni. Mtoto alizaliwa baba yake akiwa safarini kikazi. Nyumbani wakasema wangoje, jina atalileta baba. Mtoto akakaa nao siku chache, akaondoka. Baba akarudi na jina alilolibeba njia nzima, akaingia mlangoni, na hakuwapo wa kumpa. Alimwambia mkewe peke yake, usiku, kwa kunong'ona. Dada yake, yule shangazi, naye alikuja kulijua, maana alikuwa akijua kila kitu, na yaliyobaki akayajaza mwenyewe.

"Halikutoka nje ya chumba," anasema Bibi. "Lilikaa miaka mitatu halijaguswa. Ulipokuja wewe ndipo nikalifungua. Nilikwenda nalo mlangoni nikakuita watu wasikie. Mpaka hapo hakuna aliyewahi kuitwa hilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Kwani wewe mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utalia."

"Ningelia," alisema Bibi. "Kisha ningekwambia."

Fundi Majina alikwenda nyuma ya pazia linalotenganisha chumba na jiko, akasimama huko ameshika ukuta. Anasema alicheka, halafu machozi yakaja, halafu akacheka tena. Binti yake akamfuata, wakakumbatiana kwa shida kwa sababu ya lile tumbo. "Nilifurahi jamani. Mwanamke mzima, wa umri wangu, nimefurahi jina kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nilikuwa nalisema chini chini nikiosha vyombo."

Wiki ile ile alikuja mteja na jina hilo. Fundi wa suti alikwishaanza kusafisha meza kumpokea, lakini safari hii hakuletewa. Fundi Majina alimsimamisha mteja kibarazani, akasikiliza, akageuka, akatarizi. Anasema herufi ya kwanza aliifumua mara mbili.

Blanketi la mjukuu liko tayari, limekunjwa kwenye rafu ya juu. Herufi zimeshachorwa kwa chaki. Sindano itaingia mtoto akishalia. Siku zenyewe ni zozote kuanzia sasa. Jina ameomba lisiandikwe gazetini kabla ya hapo. Anataka mjukuu alisikie kwanza kwa mama yake, na wasomaji wasubiri zamu yao.

Lakini furaha ile, anasema, ilikaa siku tatu tu peke yake. Siku ya nne alikuwa akitarizi, mchana, mtaa umelala, akasikia tena wale watoto wake wa ndotoni wakiitika. Mara hii alikuwamo. Aliamka na wazo ambalo halikuwa limempitia hata mara moja katika miaka yote aliyokuwa akijihesabu mwizi.

"Nikasema, kumbe mimi ninalo. Mimi siku zote nilikuwa nalo. Asiye nalo ni yeye, dada."

Alimwambia mama yake siku hiyo hiyo. Kesho yake, baada ya chakula, Bibi aliweka chini kipande chake cha boksi na kusema, "Nitajie."

Tangu hapo ndiyo kazi yao ya mchana. Mmoja anatarizi na kutaja majina, mwingine amefumba macho anasikiliza. Yanayomaanisha uhai, Bibi hutikisa kichwa. Yanayomaanisha nuru, hufikiri kidogo, kisha hutikisa kichwa. "Zuri," husema, "lakini si lake." Na kila anapokataa huongeza kitu kidogo kuhusu mtoto ambaye kwa zaidi ya nusu karne hakumtaja. Alikuwa na nywele nyingi. Alikuwa akishika kidole haachii. Sikio lake moja lilikuwa limekunjika, na Bibi alikuwa akilinyoosha kila akimnyonyesha, na kila akiliachia linakunjika tena. Msusi, aliyekuwa hajui hata kama alikuwa na mama mkubwa, siku hizi hufunga kiti chake mapema ili asikose.

Fundi Majina amenunua kitambaa cheupe, cha pamba, bora kuliko vyote alivyowahi kununua. Ni kidogo. Anatarajia kukitarizi mara tu jina likishaitwa, na kukiweka kwenye rafu ya juu, kando ya blanketi la mjukuu. Baada ya hapo hana mpango mwingine. Hilo tu ndilo analoliomba, na linamtia wasiwasi, kwa sababu pumzi ya Bibi siku hizi ni fupi, na kutoka mkekani mpaka mlangoni hushika ukuta.

Juzi Bibi alisema amelipata. Hakusema ni lipi, wala la lugha gani, wala lina maana gani. Alisema liko mdomoni, analizoea kwanza.

"Wateja wengine nawaambia ita," anasema Fundi Majina. "Huyu siwezi kumwambia. Nimemwekea kiti tu pale kibarazani."